Farasi wa Mpendae

Mkunazini, Unguja
12 Machi 1966

Mdogo wangu Tabia,

Pokea salamu zangu na za shemeji yako Abdulla, anayekohoa kama kawaida yake na kukataa dawa kama kawaida yake. Barua yako ya mwisho ilifika ikiwa imefunguliwa na kugandishwa upya, kwa hiyo na wewe ukiandika usininong'oneze lolote.

Unataka habari za mwanao, na safari hii ninazo. Kaa kitako kwanza.

Miaka miwili sasa tangu ulipomwacha kwangu, siku ile alipojitupa chini bandarini akapiga makelele na meli yenu haikuweza kungoja. Keshatimia miaka tisa. Hasemi bado, hakutazami usoni, akisikia kelele huziba masikio na kutoa ile sauti yake moja unayoijua. Majirani wamechoka na mimi nimechoka, sikufichi. Wiki iliyopita nilikwenda Mpendae kumtazama rafiki yangu Mwatima, na Wanu nikamchukua, maana hakubali kubaki na mtu mwingine. Njia nzima alilia, watu wakitukodolea macho.

Karibu na kwa Mwatima kuna ua wa Bwana Champsi, yule wa duka la vitambaa la Hurumzi. Wanawe wote wameondoka nchini. Amebaki yeye na mkewe Savita, na farasi jike mweupe aliyekuwa akiwavutia gari zamani. Jina lake Moti. Ni mzee, mbavu nje, na jicho lake moja lina ukungu. Anatunzwa na mtu wa Makunduchi aitwaye Ame.

Mlango wa ua ulikuwa wazi. Wanu akanichopoka, na kabla sijajua nifanye nini keshaingia chini ya tumbo la farasi. Tabia, roho ilinitoka. Nikapiga ukelele. Bwana Champsi alikuwa barazani anakunywa chai, akaniambia, "Bi Kazija, mwache. Huyo farasi ana subira kutushinda mie na wewe."

Wanu akasimama, akaweka shavu ubavuni mwa yule mnyama. Kimya. Mikono yake isiyotulia ikatulia. Ame akatandika gunia, akampandisha, akaanza kumzungusha uani polepole. Mwanao akalala kifudifudi juu ya mgongo ule, uso umezama ndani ya singa za shingo, macho kayafumba. Sijapata kumwona hivyo tangu azaliwe. Nililia mbele za watu, na Mwatima, aliyekuja mbio kwa ukelele wangu, akanicheka.

Sasa tunakwenda kila asubuhi. Usiniulize kwa nini imekuwa hivi, mimi sijui. Nimekuandikia nilichokiona.

Dada yako,
Kazija


Kibokoni, Mombasa
9 Aprili 1966

Dada Kazija,

Shikamoo. Na shemeji Abdulla mpe shikamoo yangu, umwambie dawa ni ya kunywa, si ya kuwekwa dirishani.

Barua yako nimeisoma kwa sauti mbele ya Bakar na mama mkwe, lakini pale penye farasi nilipapita. Usiku niliisoma tena peke yangu mpaka karatasi ikalegea.

Dada, ninaogopa. Mtoto wa kike juu ya farasi! Kesho atakuwa mwari, watu watasema ameharibika, na nani atakuja kumposa? Mama mkwe hata bila ya kusikia habari za farasi anasema yule ana pepo wa ukoo, na pepo hawatolewi kwa matembezi. Ameniagizia kombe kwa sheikh wa hapa, limeandikwa aya kwa zafarani. Nimelituma pamoja na barua hii. Umwoshee kwa maji ya waridi anywe asubuhi kabla hajala kitu.

Nikwambie jambo lakini usinikasirikie. Hapa mgeni akiniuliza watoto, nasema ninaye mmoja, yuko Unguja anasoma. Bakar husimama akatoka nje. Mungu hajatujaalia mwengine na sidhani kama atatujaalia.

Niambie kweli. Ameanza kusema? Akiwa juu ya huyo farasi, ananiulizia? Naona wivu, Dada. Mimi nilimbeba miezi yote ile na hakupata hata siku moja kulala kifuani kwangu akafumba macho.

Mdogo wako,
Tabia


Mkunazini
20 Agosti 1966

Mdogo wangu Tabia,

Kombe nimemnywesha, kwa kuwa ni maneno ya Mungu na hayamdhuru mtu. Nusu alinitemea kifuani. Hayo ya kuposwa tuyaache kwanza. Mtu ambaye miezi sita iliyopita alikuwa akirusha sahani ya wali ukutani, unamtafutia mume?

Sasa sahani hairushi. Anakula akikaa kwenye mkeka, mimi hapa na shemeji yako pale. Tukirudi Mpendae hulala mchana kutwa bila ya kushtuka. Na nywele! Unakumbuka ilivyokuwa vita kumchana, watu wanne kumshika, mwishowe tunamwacha hivyo hivyo. Siku moja nikachukua kitana na mafuta, nikapanda juu ya kasha, nikaanza kumsuka yeye yuko juu ya Moti. Hakupiga kelele. Moti alisimama pale hata mkia hakupunga, mpaka nikamaliza upande wa kulia, Ame akamgeuza, nikamaliza wa kushoto. Savita akatoka na ua la asumini akalichomeka. Laiti ungemwona mwanao.

Shemeji yako ndiye kichekesho. Mtu yule asiyetaka kuonekana na kikapu mkononi, siku hizi akitoka kazini hupita sokoni kuokota majani ya karoti na maganda ya miwa, anayatia ndani ya mfuko wa kanzu. Nikimuuliza anasema, "Ni ya mkwe wangu." Ndilo jina alilompa farasi.

Unaniuliza kama anakuulizia. Hasemi, Tabia. Sitakudanganya ili ufurahi. Lakini jana alipokuwa juu nilimwambia, "Mama yako Tabia anakusalimu," na akageuza uso akanitazama. Yule asiyemtazama mtu. Kwangu mimi hilo ni kubwa, na wewe lichukue kwa ukubwa huo huo.

Dada yako,
Kazija


Kibokoni
17 Januari 1968

Dada yangu Kazija,

Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Habari ya shemeji Abdulla nimeipata jana kwa mdomo wa Bwana Anwarali, msafiri aliyetoka huko, aliyekuja hapa mwenyewe kunipa. Mungu amlaze pema. Kwangu alikuwa kaka, na kwa mwanangu alikuwa zaidi ya baba. Hilo nalijua na Bakar analijua pia, ingawa hatalitamka.

Najua uko ndani ya eda sasa, umevaa nyeupe, na kwamba wifi yako Mwanakhamis amehamia hapo kukaa nawe. Mungu akupe subira.

Lakini Dada, hutoki. Nani anampeleka Wanu kwa farasi? Nijibu hilo hata kama huna nguvu ya kuandika mengine.

Mdogo wako mwenye majonzi,
Tabia


Mkunazini
11 Februari 1968

Mdogo wangu Tabia,

Nimepata barua yako, Mungu akulipe. Wifi Mwanakhamis amekaa hapa ubavuni, ananikumbusha nisiandike maneno mengi maana nimedhoofika.

Wanu hajambo. Anakula, analala, na huko Mpendae anapelekwa. Usiwe na wasiwasi wowote.

Dada yako,
Kazija


Kibokoni
22 Aprili 1968

Kwa Dada Kazija,

Shikamoo. Sijui niianze vipi barua hii, basi nitaisema kama ilivyonijia.

Wiki mbili zilizopita palikuwa na arusi hapa mtaani. Wamekuja wanawake watatu kutoka Unguja. Wamekaa na mama mkwe ukumbini, mimi niko jikoni nachota birinzi, nikasikia jina lako. Wanasema mjane wa Abdulla eda imemshinda. Kabla hata kaburi la mume halijaota majani, akawa anatoka alfajiri na buibui, anakwenda Mpendae kwenye ua wa farasi, kwa mtunza farasi. Wameona kwa macho yao, wanasema, mkono wake uko juu ya bega la yule mwanamume. Na wifi yako alipomzuia mlangoni, huyo mwanamume alithubutu kumleta farasi mpaka chini ya dirisha lako mchana kweupe.

Nilidondosha sinia. Mama mkwe akaja jikoni akanitazama tu.

Dada, wewe ndiye uliyenifunza mimi kufunga mtandio. Nimeisubiri barua yako ya kukanusha na haikuja. Uliniandikia kwamba Wanu anapelekwa Mpendae, na mimi mjinga nikashukuru. Kumbe mtoto alikuwa kisingizio?

Sitaki mwanangu akulie kwenye maneno hayo. Bakar amekubali, mara ya kwanza amekubali. Niletee Wanu.

Tabia


Mkunazini
19 Mei 1968

Tabia,

Eda nimeimaliza, kwa namna nilivyoimaliza. Kuhusu maneno ya ukumbini sina la kusema. Umenijua tangu unatambaa.

Kibali cha Wanu kimepatikana. Bi Savita anakuja Mombasa kwa binti yake Chanchal, na amekubali kufuatana naye. Watashuka kwa meli ya tarehe pili.

Usimshike mkono kwa ghafla. Mwache akushike yeye. Wali asipewe wa moto. Akiziba masikio usimwondoe mikono, ondoa kelele. Na mtafutie mnyama, Tabia, hata punda, mnyama mkubwa mtaratibu anayeweza kumlalia. Hilo nakuomba, na sitakuomba jingine.

Kazija


Mpendae, Unguja
3 Machi 1969

Bi Tabia,

Mwandiko wangu mbovu, utanistahamilia. Mie ndiye Mwatima, shoga wa dada yako. Kanikataza nsikuandikie, na leo nimeamua kumuasi, maana jambo nililoliona leo asubuhi limenishinda.

Dada yako yuko kwangu. Hukujua? Mwanakhamis alimtoa nyumbani kwa marehemu wiki chache tu baada ya eda kwisha, akamtolea na sanduku lake mlangoni. Analala chumba changu cha nyuma. Kila asubuhi huvuka barabara akaingia uani kwa Champsi. Leo nkamfuata. Nkamkuta kapanda juu ya kasha, kitana mkononi, anazisuka singa za yule farasi. Mistari miwili, mmoja upande huu na mmoja upande huu. Peke yake, anasuka, machozi yanamtoka. Farasi kasimama tu.

Sasa nsikize. Nani kakwambia dada yako alivunja eda kwa ajili ya Ame? Ame ana wake wawili Makunduchi na wote wanampiga! Abdulla alipokufa, Wanu akakaa ndani siku ya kwanza, ya pili. Halafu akaanza. Anakwenda mlangoni anaugonga kwa kichwa. Kichwa, Bi Tabia, paji la uso, mpaka damu ikawa kwenye mbao. Nilikuja kumchukua mie nimpeleke Mpendae, akalala chini njiani, akaniuma hapa mkononi, alama ninayo. Hakutaka mtu ila dada yako. Basi Ame akamwonea huruma, akamtoa farasi toka Mpendae mpaka Mkunazini, katika vichochoro vile, watu wanabanana kutani kumpisha, Wanu apate japo kumwona dirishani. Mwanakhamis akamtukana, akasema mwanamume haleti farasi mlangoni kwa mjane. Akamrudisha.

Wanu alikwishaacha kula. Ndipo dada yako akavaa buibui akatoka. Siku zote zilizobaki alitoka. Huo mkono juu ya bega la Ame ni wakati wa kupanda kasha kumsuka mwanao nywele, na kasha bovu, mguu mmoja umevunjika.

Na lile linaloniuma zaidi ni hili. Baadaye nlikwenda kwa mwalimu wa chuo chetu nkamuuliza. Kaniambia mjane mwenye dharura hutoka mchana akarudi, hana makosa. Sisi sote tulikuwa pale, wanawake wazima, tumejaa ukumbini na visomo vyetu, na hakuna hata mmoja aliyekwenda kuuliza. Tulijua tu kwamba hatoki, basi.

Nlimwambia mwandikie mdogo wako umweleze. Kanijibu, "Nkisema nlitoka kwa ajili ya mtoto, watasema mtoto ndiye mkosi wa nyumba. Bora waniseme mie." Na tena akasema, "Tabia alitakiwa ajue bila ya kuambiwa."

Mie nimekwambia. Ukinichukia, nichukie.

Mwatima binti Mcha


Kibokoni
14 Mei 1969

Dada yangu,

Nimepiga magoti naandika, maana mezani mama mkwe ataniona.

Mwatima ameniandikia. Usimgombeze. Barua yake imekaa ndani ya kanga yangu tangu ilipofika. Nilikuwa nimekujua tangu natambaa, na nikaamini maneno ya wanawake watatu wenye sahani za birinzi mkononi. Nisamehe. Nikifa kabla hujanisamehe nitakuwa nimekufa vibaya.

Na mimi nimekudanganya. Nilikuandikia mara moja tu tangu Wanu afike, nikasema amezoea. Hajazoea. Kwanza alikuwa akitembea kutoka ukuta hadi ukuta. Halafu akaanza mlango. Mama mkwe akaleta waganga, wakapiga ngoma mle ndani, yeye mikono masikioni, na kila akizidi kupiga makelele wao walifurahi wakasema pepo anapanda. Nilikuwepo, Dada. Nilishika chetezo. Kukitokea shughuli hapa nyumbani mama mkwe humfungia stoo, na ufunguo anao yeye. Nywele tulizikata zote kwa mkasi, alipokuwa amelala.

Ulinitaka nimtafutie mnyama na sikumtafuta. Niliona ni maneno ya mtu aliyekasirika. Juzi, baada ya barua ya Mwatima, nikamchukua mpaka kisimani kwa wachota maji wenye mikokoteni ya punda. Nikamwomba mmoja amshike punda wake. Wanu alikwenda moja kwa moja, akamnusa shingoni. Akanusa tena. Kisha akarudi nyuma, akakaa chini kwenye tope, na akalia. Si ile sauti yake. Alilia machozi kama mtu aliyefiwa. Miaka yote nikidhani huyu hakumbuki kitu, leo kimemwingia kesho kimemtoka, na kumbe anakumbuka zaidi yetu.

Nitamrudisha kwako. Si kwa kumtuma na mtu, nitamleta mwenyewe. Bakar anasema nikikanyaga Unguja nisirudi kwake, kwa kuwa yeye hawezi kurudi huko na hataki jina lake liulizwe. Basi sijui. Niambie tu kama Moti yupo.

Mdogo wako,
Tabia


Mpendae
6 Julai 1969

Tabia wangu,

Nilikusamehe siku ile ile niliyokukasirikia, ila sikutaka ujue upesi. Wewe nawe ulikawia kuuliza.

Moti yupo. Kazeeka, jicho la pili nalo linaingia ukungu, lakini majani anakula na akisikia sauti yangu hugeuza masikio. Bwana Champsi na Savita wanafunga mizigo, wanakwenda Bombay kwa watoto wao. Mzee alilia alipomkabidhi Ame hatamu. Pana maneno kwamba ua utachukuliwa, patajengwa nyumba mpya, lakini maneno hayo tumeyasikia tangu mwaka juzi.

Kuhusu Bakar siwezi kukuchagulia. Mume ni mume, na hapa nilipo ni chumba kimoja cha watu. Lakini ukija, mlango wa chumba hicho uko wazi na mkeka upo. Mlete mwanangu. Nimesema mwanangu, na usione vibaya. Ni wako pia.

Dada yako,
Kazija


Mpendae
4 Oktoba 1969

Tabia,

Usije. Kama umeanza kutafuta kibali, kiache. Kama umeshagombana na Bakar, patana naye.

Moti amekufa Jumatano. Tangu mwezi uliopita walikuja watu kupima uwanja, wakabomoa banda, na Ame akawa anamfunga chini ya mwembe wa jirani kwenye jua na mvua. Akaacha kula. Nilimpelekea majani ya karoti, nikayashika mkononi mpaka yakanyauka. Jumatano asubuhi nikamkuta amelala ubavu, na mimi najua farasi mzee akilala hivyo haamki. Nilikaa naye nimeshika kichwa chake. Hakuhangaika. Ame na majirani walichimba shimo nyuma ya ua, kazi ya kutwa nzima, na leo hapo juu pamemwagwa kifusi cha mawe ya msingi. Ukipita hutajua.

Ame amerudi Makunduchi. Hakuna tena ua, wala banda, wala kasha. Mimi mwenyewe sipiti njia ile, nazunguka.

Basi umlete kwa nini mtoto huku? Utamshusha melini, atanivuta mkono mpaka pale, na atakuta nini? Atasimama mbele ya kifusi, na mimi sina maneno ya kumweleza mtu mzima, seuze yeye. Nilimwona alivyokuwa aliponyimwa Moti kwa muda tu. Sitaki kumwona akinyimwa milele, na wala wewe usiombe kumwona. Huko angalau anangoja. Mwache angoje, Tabia. Mwambie Moti yuko, anamsubiri. Nami niliyekuwa sitaki uongo, leo nakuomba uongo.

Sina msafiri wa kumpa barua hii, naitia posta. Namwomba Mungu ikufikie kwa wakati.

Dada yako,
Kazija


Kibokoni
6 Oktoba 1969

Dada Kazija,

Shikamoo, tena shikamoo! Tunakuja.

Kibali nimekipata Jumamosi, changu na cha Wanu. Bakar naye ameniandikia talaka yangu, moja, kaiweka juu ya mto akatoka. Nililia kidogo, sitakuficha, ni miaka kumi na minne ya mtu. Halafu nikafua nguo za safari. Mama mkwe amenipa ufunguo wa stoo bila ya kuombwa, akaniambia nichukue na godoro la mtoto. Hata yeye nimemuaga vizuri.

Ngoja nikwambie la jana. Nilikuwa nafunga sanduku, Wanu yuko pembeni anapiga ukuta kwa kisigino. Nikasema, kwa kusema tu, sikutegemea chochote, "Wanu, tunakwenda kwa Moti." Kisigino kikanyamaza. Nikasema tena. Akainuka, akaja mpaka nilipo, akanishika mkono. Yeye, Dada, akanishika mimi! Mkono wake ni mkubwa sasa, una jasho, na ulinishika kwa nguvu ukanivuta mpaka mlangoni. Akasimama hapo ananitazama usoni. Nikamwambia, "Si leo mwanangu, Alhamisi ya wiki ijayo." Akakaa kizingitini, na tangu jana hapo ndipo anapokaa, kimya, anakula hapo hapo. Hajagonga kichwa hata mara moja. Mimi nakaa naye. Miaka kumi na mbili na nusu, na jana ndiyo mara ya kwanza kujiona mama yake.

Huenda tukafika kabla ya barua hii, basi usishangae. Na kama imetutangulia, usihangaike kuja bandarini na magoti yako. Tukishuka tu tutakwenda moja kwa moja uani kwa Champsi, kwa sababu hatakubali kupita popote kwanza, na mimi nimeshamuahidi. Tukutane huko huko.

Mdogo wako,
Tabia